Msituambie Ni Burudani Tu

Kuna jibu moja ambalo kila mwenye redio, kila mwenye runinga na kila mwenye kipindi cha michezo analo mfukoni, tayari kulitoa ukimuuliza juu ya alichorusha hewani: "Sisi tunaburudisha tu." Mtu kabila lake limetukanwa hewani, ni burudani. Msichana amechekwa na majaji mpaka akatokwa machozi mbele ya kamera, ni burudani. Kijana ametegewa mtego barabarani, kamera imefichwa ndani ya gari, na sasa aibu yake inazunguka katika simu zote kutoka Kavimvira mpaka Kamanyola, hiyo nayo ni burudani. Mimi naandika kutoka Runingu, kati ya Kiliba na Sange, kando ya barabara ya taifa namba 5, mashariki mwa Kongo, na nasema jibu hilo halina nafasi katika bonde hili la Ruzizi. Hapa kwetu na kwa jirani zetu burudani imeua. Imeua kwa tarehe zinazojulikana, na wenye kuirusha walihukumiwa kwa majina yao.

Redio RTLM ya Rwanda ilipoanza kusikika Kigali, Julai 1993, haikuanza na mapanga. Ilianza na muziki. Redio ya serikali ilikuwa nzito, ya hotuba na matangazo ya wakubwa. RTLM ikaja na vijana wachangamfu, na simu za wasikilizaji, na mizaha ya baa, na juu ya yote ikaja na muziki wa Zaire. Ndiyo, muziki wetu. Magitaa ya Kinshasa ndiyo yaliyowavuta vijana wa Rwanda wakasogea karibu na redio na wakabaki hapo. Kantano Habimana, mtangazaji aliyependwa kuliko wenzake, alipendwa kwa sababu alijua kuchekesha. Watu walimsubiri. Ilipofika Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, sauti ile ile iliyokuwa ikiwachekesha ikaanza kutaja majina ya watu na mahali walipojificha, na msikilizaji alikuwa ameshaizoea, ameshaiamini, ameshaifanya rafiki wa jioni. Hicho ndicho watu wa burudani hawataki kukitazama. Chuki haikuingia nyumbani ikibisha hodi kwa jina lake. Ilipita katika mlango ambao kicheko kilikuwa kimeufungua.

Mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyosikiliza kesi za mauaji hayo, iliwahukumu watu watatu wa vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003. Ferdinand Nahimana, mwanahistoria wa chuo kikuu, na Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM. Wa tatu, Hassan Ngeze, alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini haikuwaachia huru. Mwaka 2008 ikafika zamu ya mwanamuziki Simon Bikindi: miaka 15, kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani. Baadaye mchumi David Yanagizawa-Drott alilinganisha vijiji vya Rwanda vilivyopata mawimbi ya RTLM na vile vilivyozibwa na milima, na mwaka 2014 akachapisha makadirio yake: karibu sehemu moja ya kumi ya watu walioshiriki mauaji, kama watu 50,000, walisukumwa na redio hiyo. Watafiti wengine, Scott Straus miongoni mwao, wanaona nguvu ya redio imekuzwa mno. Wabishane. Hata tukikata makadirio hayo mara mbili, waliobaki wangejaza uwanja wa mpira.

Na mtu asiniambie hayo ni ya Rwanda. Baada ya 1994 redio ya waasi wa Burundi, Radio Rutomorangingo, ilisikika ikirusha chuki yake kutoka upande wetu, kutoka eneo hili la Uvira. Wazee wa bonde wanaikumbuka. Mto Ruzizi haukuizuia, kwa sababu mawimbi hayana kituo cha mpaka wala hayaonyeshi karatasi pale Gatumba. Wakati huo huo, ng'ambo ya pili ya mto, watu wengine walikuwa wanatumia chombo kile kile kufanya kazi nyingine. Studio Ijambo ilifunguliwa Bujumbura mwaka 1995, Wahutu na Watutsi wakaketi katika chumba kimoja cha kurekodia wakati mitaa ya mji ilikuwa imegawanyika kwa bunduki. Miaka miwili baadaye wakaanza kurusha mchezo wa redio ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, juu ya familia mbili za makabila mawili zinazoishi jirani. Ulikuwa mchezo wa kuigiza tu, una mapenzi, ugomvi wa majirani na watoto wakaidi. Na watu waliupenda sana, hata huku kwetu ambako Kirundi kinaeleweka vijijini. Mama Sibazuri hakuhitaji kuhubiri. Alijua kwamba anayechekesha na kuliza watu maelfu kwa wakati mmoja ameshika kitu kizito, akakishika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo tusidanganyane. Burudani haikuwa kitu chepesi mwaka 1994, haikuwa nyepesi mwaka 1997, na haijawa nyepesi leo kwa sababu tu imehamia kwenye dekoda na kwenye simu.

Jioni moja nilikuwa nasikiliza kipindi cha simu cha redio moja ya kwetu. Sitaitaja, kwa sababu si hiyo peke yake. Mada yenyewe ilikuwa ya kawaida: ng'ombe wanaoshuka bondeni wakati wa kiangazi na kuingia mashambani. Mpigaji wa kwanza alikuwa mkulima, akalalamikia mahindi yake, na alikuwa na haki. Mpigaji wa pili hakuzungumzia mahindi. Alianza na "wale watu", akaendelea na "si wa hapa", akamalizia na jambo ambalo siliandiki. Mtangazaji akacheka. Akasema, "Eeh papa, leo umewasha moto!" Kisha akapiga rumba juu ya maneno hayo, na wimbo ulipoisha akamkaribisha mpigaji wa tatu, ambaye bila shaka alitaka kumshinda wa pili. Hakuna aliyekata simu. Hakuna aliyeuliza ng'ombe wale ni wa nani hasa na njia yao ya kupita ilikubaliwa wapi. Nusu saa nzima, na mkulima wa kwanza, mwenye shida ya kweli, hakurudiwa tena.

Mtangazaji yule si mtu mbaya. Namjua, ni kijana mpole. Yeye anaamini kwamba amewapa watu nafasi ya kusema, na kwamba kusema kunatibu. Hapo ndipo nataka kila mkurugenzi wa redio kutoka Luvungi mpaka Baraka asikilize vizuri, kwa sababu jambo hili limepimwa, na lilipimwa hapa hapa mashariki mwa Kongo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima tamthilia ya redio ya amani iliyotengenezwa na shirika la Kiholanzi La Benevolencija. Sehemu nyingine wasikilizaji walipata tamthilia peke yake. Sehemu nyingine, baada ya tamthilia kulifuata kipindi cha mazungumzo, cha kuwahimiza watu wajadiliane. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Wale waliopata mazungumzo kweli walijadiliana zaidi. Lakini pia walizidi kutovumiliana, walizidi kukumbuka manung'uniko yao, na hawakuwa tayari kama wale wa tamthilia peke yake kusaidia watu wa jamii wasiyoipenda. Walipimwa kwa chumvi: mtu alipewa mfuko wa chumvi uwe wake, kisha akaulizwa kama angekubali kuwagawia watu wa jamii asiyoipenda. Waliosikiliza mazungumzo walikuwa wazito zaidi kutoa.

Tafakari hilo. Kipindi kilikuwa cha amani, kimetungwa na watu wenye nia njema, na bado kuwahimiza watu wajadiliane kulifanya mkono wa jirani uwe mgumu mbele ya chumvi. Sasa ongeza kipindi kisicho na nia yoyote isipokuwa kelele. Ongeza mtangazaji anayecheka. Ongeza rumba.

Runinga za maisha halisi na mashindano ya vipaji zinaingia hapo hapo, japo watu wanadhani ni mambo ya mbali. Sizichukii. Hope Irakoze aliposhinda Tusker Project Fame mwaka 2013, Bujumbura ilifurahi na sisi tulifurahi nayo, maana taa za mji ule tunaziona usiku kutoka huku. Innoss'B, mtoto wa Goma, alianza kujulikana kupitia shindano la vipaji la Vodacom akiwa bado mdogo, na leo Kongo nzima inacheza nyimbo zake. Mashindano hayo yaliwafungulia vijana wetu njia ambazo shule zetu hazikuwafungulia. Nasema hayo waziwazi ili mtu asidhani nataka runinga zizimwe, watoto wakae gizani wakisoma katekisimu.

Ninachokipinga ni namna mtu anavyogeuzwa kuni. Mtindo uliosambaa duniani baada ya Pop Idol ya Uingereza, mwaka 2001, una siri moja ambayo kila mtayarishaji anaijua: mshiriki mbovu analeta watazamaji kama mshiriki bora. Kwa hiyo anaachwa apite mchujo wa kwanza kwa makusudi, wakati watu wa uzalishaji wanajua hawezi kuimba, ili afike mbele ya majaji achekwe. Anarudi kijijini na kipande cha sekunde 40 kinachomfuata mpaka uzeeni. Yule binti aliyekwenda mjini na nauli ya kukopa hakuambiwa kwamba amechaguliwa kwa ajili ya kicheko. Hakuna aliyempigia simu wiki iliyofuata kumuuliza anaendeleaje.

Wenzetu walijifunza hilo kwa misiba. Uingereza, kituo cha ITV kilikifuta kipindi cha Jeremy Kyle mwezi Mei 2019, baada ya Steve Dymond, aliyekuwa amerekodiwa humo, kufariki. Japani, mcheza mieleka Hana Kimura alikuwa na miaka 22 alipojiua Mei 2020 baada ya kushambuliwa kwa matusi mtandaoni kutokana na kipindi cha Terrace House alichoshiriki, na kipindi hicho kikafungwa. Mwaka 2021 mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, Ofcom, akaanza kutumia kanuni zinazowataka watangazaji wawalinde washiriki wao: waambiwe mapema hatari iliyopo, na wapewe msaada pale wanapoweza kudhurika. Huku kwetu nani ameuliza swali hilo? Kijana wa Sange anayetegewa mzaha wa kamera iliyofichwa amesaini karatasi gani? Ameulizwa na nani kabla picha yake haijapandishwa?

Na fedha zinakwenda wapi? Tusker ni bia. Kampuni ya bia iliwaweka vijana wa Afrika Mashariki katika nyumba moja, ikawaimbisha, na jina la chupa likakaa mbele ya jina la kila mmoja wao. Kampuni za simu zinakula kwenye ujumbe wa kupiga kura. Mwaka 2025 kampuni ya runinga ya kulipia ya Ufaransa, Canal+, ilimaliza kuinunua mwenzake wa Afrika Kusini, MultiChoice, na sasa sehemu kubwa ya picha tunazolipia barani humu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, inatoka kwa tajiri mmoja. Tajiri huyo anajua Runingu ina wateja. Sijui kama anajua Runingu ina watu.

Wateja hao wanaonekana jioni yoyote. Nyumba ya sinema ya mbao, turubai juu, mabenchi yaliyopigiliwa misumari, jenereta linalonguruma nyuma ya ukuta. Mlangoni ameketi kijana na daftari na noti zilizochakaa, na nje ubao wa chaki umeandikwa mechi ya leo, na chini yake filamu iliyotafsiriwa Kiswahili. Watoto wa shule ya msingi wanaingia pamoja na askari na walevi, na kinachoonyeshwa baada ya saa tatu usiku ni kile kile mbele ya wote. Mlango ni mmoja. Dirisha hakuna, ili wasiolipa wasichungulie.

Tarehe 2 Julai 2010, siku ya Ijumaa, lori la mafuta lilipinduka Sange. Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Afrika Kusini, na nyumba kama hizo zilikuwa zimejaa watu. Moto ulipolipuka uliwakuta waliokuwa wakichota mafuta barabarani, na uliwakuta waliokuwa wameketi wakitazama mpira. Zaidi ya watu 230 walikufa. Wengi walizikwa pamoja, kwa sababu hawakutambulika. Silitupii shirika la mpira lawama ya lori. Lakini FIFA iliuza haki za kurusha Kombe hilo kwa zaidi ya dola bilioni 2, na katika mnyororo mzima wa waliogawana fedha hizo hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza mtazamaji wa mwisho amekaa kwenye nyumba ya namna gani na atatokea wapi ikiwaka. Baada ya Sange bado hakuna aliyejiuliza. Nyumba zimejengwa upya kwa mbao, na mlango ni mmoja.

Serikali nayo isijifiche. Nchi hii ina amri ya sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Ina CSAC, baraza kuu la utangazaji na mawasiliano, lililoundwa kwa sheria ya Januari 2011. Ina sheria mpya ya vyombo vya habari ya Machi 2023. Karatasi hazitupungukii. Kinachopungua ni sikio linaloelekezwa mahali panapostahili. Novemba 2021 tume ya taifa ya kudhibiti nyimbo na maonyesho ilipiga marufuku wimbo Nini Tosali Te wa vijana wa kundi la MPR, waliokuwa wanauliza kwa nini nchi imekwama. Watu walipaza sauti, marufuku ikaondolewa haraka. Lakini tumejua sasa: masikio yapo, na yanasikia upesi sana wimbo unaowachoma wakubwa. Mbona hayasikii tusi linalomchoma mchungaji wa ng'ombe? Mbona hayasikii anapochomwa mkulima? Udhibiti wa namna hiyo siutaki. Nautaka ule unaomlinda mtu asiye na wakili wala mjomba Kinshasa.

Turudi basi kwa kijana yule mpole aliyecheka. Ukimuuliza analipwa nini, atakwepa swali. Redio nyingi za kwetu hazilipi mshahara unaoweza kununua unga na sombe ya mwezi mmoja. Mtangazaji anaishi kwa "coupage", bahasha anayopewa na yule anayemtangaza. Mwanasiasa analeta bahasha, mchungaji wa kanisa analeta bahasha, mwenye baa analeta bahasha, na mkulima mwenye mahindi yaliyoliwa haleti kitu. Kipindi chenye kelele kinaleta simu, simu zinaleta wadhamini, na wadhamini wanaleta mafuta ya jenereta. Kijana amejifunza kwamba akimkata mpigaji anayetukana, jioni yake inakuwa kimya, na akicheka, jina lake linakua. Sisi wasikilizaji ndio tuliomfundisha hivyo, kwa kupiga simu tunapotaka kutukana na kukaa kimya anapoalika mtu wa kueleza.

Basi ninachodai ni hiki, na kinawezekana hata kwa umeme wa paneli za jua. Redio isiyoweza kununua mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde chache iache kupokea simu moja kwa moja kwenye mada za ardhi, ng'ombe na kabila. Ichukue ujumbe wa sauti, iusikilize kwanza, kisha iurushe. Mtangazaji asikae peke yake: awepo wa pili, wa jamii nyingine ya bonde, mwenye mamlaka ya kukata. Mpigaji akitaja jamii ya watu kwa ubaya, akatwe, na mtangazaji aseme hewani kwa nini amemkata. Kampuni za simu zinazovuna katika mashindano na katika kura zilipie mafunzo ya watangazaji wa bonde, na mkataba huo uwekwe wazi watu wausome. Anayemrekodi mtu kwa mzaha apate idhini yake kabla ya kurusha, na akikataa, picha ifutwe mbele yake. Mkuu wa groupement (kundi la vijiji) na mkuu wa polisi wanaopita kila siku mbele ya zile nyumba za sinema wadai mlango wa pili na saa ya watoto kutoka. Hayo hayasubiri Bunge.

Na mkurugenzi wa redio asiniambie hana uwezo wa kumlipa mtangazaji wake. Kama ana uwezo wa kununua mafuta ya jenereta ili kipindi cha kelele kiende hewani saa mbili usiku, aanze na mshahara wa anayeshika mikrofoni, na kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, azime jenereta saa moja mapema.